Chai ya Rangi ya Kogo

Tulimzika kogo Alhamisi, na historia ya maisha yake ilisomwa na Cherotich, binti wa dada yangu, mwanamke mwenye sauti safi ambaye hababaiki mbele ya watu. Alisoma kwamba nyanya yetu alikuwa mcha Mungu, mchapa kazi, hakupenda porojo, na alipofika kwenye mambo ya vyakula akatabasamu kidogo. "Kogo hakupenda maziwa," akasoma. "Sisi wote tunajua. Kwake ilikuwa chai ya rangi asubuhi, chai ya rangi jioni. Ukimletea ya maziwa anakisukuma kikombe kwa kidole kimoja, pole pole, mpaka kirudi kwako." Watu wakacheka kile kicheko cha matanga, cha chini chini, kwa sababu wengi walikuwa wameshasukumiwa kikombe hicho. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya pili na leso mkononi. Kogo hakupenda maziwa? Mwanamke aliyelelewa kwa mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, ambaye zamani alikuwa akisema chai bila maziwa ni maji ya kuoshea miguu? Katika umati ule wote ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini aliacha, na jioni gani, na kwa sababu ya sahani gani. Na nilikaa kimya, jinsi nilivyozoea kukaa.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona nimefika. Nilikuwa msaidizi wa jikoni katika nyumba ya meneja wa shamba moja la chai upande wa Kericho, nyumba ya mawe yenye veranda, na dirisha la jikoni lilitazama chai tupu mpaka macho yachoke. Mpishi alikuwa mzee Njoroge, Mkikuyu wa Kipkelion, ambaye watu wake walihamia kule zamani wakalima mahindi karibu na reli. Njoroge alikuwa na vikaango viwili vya chuma, vizito, vyeusi tititi, na ole wako ukivigusa kwa sabuni. Yeye ndiye aliyenifundisha steki. Nyama itolewe mapema itokwe na ule ubaridi wa friji, ikaushwe kwa kitambaa mpaka isiache hata tone, ipakwe chumvi na pilipili manga iliyosagwa pale pale. Kikaango kikae motoni hadi kitoe moshi mwembamba. "Weka, halafu toa mkono," alikuwa akiniambia. "Nyama haitaki kupapaswapapaswa. Ukiona imeshika chini usiivute. Ikiwa tayari itajiachilia yenyewe." Unageuza mara moja tu. Unatia siagi na kitunguu saumu, unachota ile siagi kwa kijiko ukiimwagia nyama juu, kisha unaitoa ipumzike. Halafu ndani ya kikaango hicho hicho, juu ya ule ukoko wa kahawia, unatia kitunguu kilichokatwakatwa, supu kidogo ya kukwangua chini, na mwisho krimu, kwa moto mdogo, ukikoroga mpaka mchuzi uwe mzito wa kushika mgongo wa kijiko.

Kila nilipomimina krimu, Njoroge alinichokoza. "Chebet, leo ng'ombe wa kwenu watalia."

"Wacha walie, mzee."

"Si nyinyi husema nyama na maziwa havikutani?"

"Wazee ndio husema. Ati ng'ombe anakauka."

"Na hawa wa meneja mbona hawajakauka?"

Nilicheka. Nilikuwa na ile akili ya mtu aliyesoma kidogo akatoka nyumbani kidogo, akili mbaya kuliko zote. Jambo lililoniuma lilikuwa jingine. Nilipika steki ile sijui mara ngapi na sikuwahi kula hata moja. Nilionja mchuzi kwenye ncha ya kijiko, nikasafisha ukingo wa sahani kwa kitambaa, nikapeleka. Siku moja, nikiwa nyuma ya mlango na bakuli la viazi, nilimsikia mgeni akisema, "Huyu mpishi wako ana mkono." Meneja akajibu, "Ni Njoroge huyo, tuko naye miaka mingi." Ulikuwa mkono wangu. Njoroge siku hiyo alikuwa na jino, amekaa kwenye stuli ameshika shavu. Nilirudi jikoni nikakwangua kikaango kwa kipande cha mkate, nikala hicho kipande nimesimama, na nikajiambia kwamba siku moja nitakaa kwenye kiti, nijiwekee sahani nzima, na hakuna atakayeniita nilete kitu.

Mwezi wa tatu dada yangu alijifungua, na baada ya wiki mbili akashikwa na ugonjwa wa damu akalazwa hospitali ya Longisa. Nikaitwa nyumbani, upande wa Siongiroi, nimlee mtoto. Njoroge alinipa kikaango kimoja, kile kilichovunjika mkono. "Nenda nacho usisahau kazi," akasema. Nilikifunga kwenye kanga nikaenda nacho. Kogo alikuwa akiishi na yule mtoto, Cherotich, katika nyumba ya vyumba viwili, na jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo kando, chenye mafiga matatu, dari nyeusi kwa moshi, na sotet mbili zimening'inia ukutani, vile vibuyu vya mursik. Kila baada ya siku kadhaa alichoma kijiti cha mti wa senetwet, akasugua nacho ndani ya kibuyu mpaka kuta zikawa nyeusi kwa makaa, akamimina maziwa na kuyaacha yagande. Harufu ya makaa yale ndiyo harufu ya kogo. Alikunywa kikombe asubuhi na kimyet, ugali wa kwetu, akanywa kingine jioni, na baada ya kumeza alikuwa akifunga macho kidogo.

Maziwa yote, ya kogo na ya mtoto, yalitoka kwa ng'ombe mmoja, Lelgut, tuliyemwita hivyo kwa sababu ya mdomo wake mweupe. Cherotich alikuwa amekataa maziwa ya kopo. Aliyatapika, akakunja miguu, akalia mpaka midomo ikawa ya buluu. Ya Lelgut, yaliyochemshwa na kuongezwa maji, aliyanywa akalala. Kwa hivyo kila mtu aliyeingia boma lile, kabla hata ya kuuliza habari ya mgonjwa, aliuliza, "Lelgut yuko salama?" Kogo alimkamua mwenyewe, na mikono aliiosha kwanza kwa maji ya moto. Nyama ilikuwa na siku yake na maziwa yalikuwa na siku yake. Vijana walikuwa wameshaacha kujali, walikunywa chai ya maziwa juu ya nyama choma pale sokoni na hakuna kilichotokea. Lakini kupika nyama ndani ya maziwa yenyewe, hilo sikuwahi kumsikia hata mlevi akilijaribu. "Maziwa ni ng'ombe angali hai," kogo aliniambia mara moja nilipomuuliza. "Nyama ni ng'ombe amekufa. Ukivichanganya tumboni, ng'ombe aliye zizini anajua." Nilisema ndiyo, kogo. Moyoni nilisema, hadithi.

Wiki zikapita. Uji, kimyet, mboga, kimyet. Usinielewe vibaya, sikuwa na njaa. Nilikuwa na uchu, na uchu na njaa ni vitu viwili. Jumamosi moja nilienda Siongiroi nikamwambia mwenye bucha anikatie sarara, kipande kinene cha vidole viwili, kisicho na mfupa. Akanitazama kama mtu niliyemwomba dawa. Jumapili kogo alivaa kitambaa chake cha kanisa, akaniambia kwamba baada ya ibada atapitia Longisa kumwona dada, na kwamba akichelewa nimkamue Lelgut, nimalize chuchu zote nne, nisiache hata tone. "Umesikia, chepto, msichana wangu? Hata tone." Nikasema nimesikia. Alipopotea kwenye kona, nilichukua sufuria ya maziwa ya asubuhi, yale ya mtoto, nikaengua malai yote ya juu, krimu yake, nikaweka kwenye kikombe. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Ningependa kuandika kwamba ulitetemeka.

Mtoto alikataa kulala siku hiyo. Nilimbeba, nikamwimbia, nikamlaza, akaamka. Wingu lilikuwa limekaa juu ya vilima vya Chepalungu tangu saa nane na halikunyesha wala halikuondoka. Ilipofika karibu saa kumi na moja hivi ndipo alipolala, na mimi nikaweka kikaango motoni. Nilikuwa nimeshapaka nyama chumvi na pilipili, moshi mwembamba umeanza kupanda, Lelgut akalia. Akalia tena. Nilitoka na ndoo mbio mbio, mikono bado ina damu ya nyama na pilipili manga, sikunawa, nikachuchumaa. Alinigeukia akaninusa mkono. Akarudi nyuma hatua moja, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Nilimsukuma kwa bega nikakamua chuchu mbili za mbele, na nikiwa kwenye hizo nikasikia harufu ya chuma kinachoungua. Nikasema nitarudi. Nilisema kwa sauti, nikimwambia yeye, "Narudi sasa hivi."

Sikurudi. Nyama ililia ilipogusa kikaango, ikashika, nikaiacha, ikajiachilia. Niligeuza mara moja. Sikuwa na siagi, nikatumia mafuta ya ng'ombe ya kogo, nikamwagia juu na kijiko. Nikaitoa ikapumzika kwenye sahani ya mabati. Kitunguu, maji ya moto ya kukwangua, halafu yale malai. Yalichelewa kidogo, yakatishia kukatika, nikaondoa kikaango kwenye moto nikakoroga, yakarudi. Nikaleta kile kiti kimoja chenye mgongo kutoka nyumbani, nikakiweka jikoni, nikakaa. Ilikuwa tamu. Miaka yote hii nimejaribu kukumbuka kwamba haikuwa tamu na nimeshindwa. Nje Lelgut aliita mara mbili, mara tatu, kisha akanyamaza, nami nikafuta sahani kwa kidole.

Kogo alifika giza likianza kuingia. Nilikuwa nimeficha kikaango nyuma ya kuni na kutapanya majivu. Alisimama mlangoni mwa jiko, mguu mmoja ndani, na hakuingia. Pua yake ilifanya kazi. Aliangalia kile kiti cha mgongo, ambacho nilikuwa nimekisahau pale karibu na mafiga. "Dada yako ameanza kukaa," akasema. "Amekula uji." Kisha akauliza, "Umemkamua?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Zote nne?" Nikasema ndiyo. Akachukua kile kiti akakirudisha nyumbani. Asubuhi nilikuta kikaango changu kimesuguliwa kwa majivu, kimepakwa mafuta, kimegeuzwa juu ya rafu. Hakusema neno, na mimi nikajiambia labda ameona ni sawa. Kumbe.

Jumatatu Lelgut hakula vizuri. Jumanne kiwele upande wa nyuma kilikuwa kimevimba, kigumu kama jiwe, cha moto, na kogo alipokamua yakatoka mabonge na maji yenye damu. Alikaa pale amechuchumaa na mkono wake chini ya ng'ombe, akitazama ndani ya ndoo. Nyumbani mtoto alianza kulia. Nilijua. Nilisimama pale nimeshika mlango wa zizi, kisha nikarudi ndani kumbeba mtoto.

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki Jumatano, na pamoja naye akaja mzee arap Koske, shemeji yake kogo, mkubwa wa ukoo kwa upande wetu, ambaye boma lake lilikuwa chini ya letu, upepo unakoelekea. Wakakaa jikoni, maana mvua ilikuwa imeamua. Daktari alisema ni ugonjwa wa kiwele, mbaya, umeingia kwa mikono michafu, na maziwa yaliyobakizwa ndani ndiyo yaliyoupa nguvu. Chuchu za nyuma zimekufa, na za mbele hana hakika. "Nani alimkamua Jumapili jioni?" akauliza.

Kabla mtu hajajibu, mzee arap Koske akainua fimbo yake. "Swali langu ni kubwa kuliko hilo," akasema. "Jumapili nilisikia harufu. Nyama, na maziwa ndani ya nyama. Nina miaka mingi na sijawahi kusikia harufu hiyo ikitoka boma la ndugu yangu. Nani alipika?"

Daktari akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kuni na mtoto mgongoni. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua.

"Ni mimi," akasema kogo.

"Wewe?"

"Ni mimi. Nilipika, nikala. Na nilimkamua haraka nikaacha. Uzee."

"Wewe ulikuwa Longisa."

"Nilirudi mapema," akasema, na alikuwa mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo hata wa kumtuliza mtoto.

Mzee alinitazama mimi, halafu yeye, halafu mimi tena. Nadhani alijua. Lakini mtu mzima akikiri mbele ya mgeni, utasemaje? Akaishusha fimbo. "Basi aliyefanya hivi," akasema, "hatagusa maziwa tena. Si ya huyu, si ya mwingine yeyote. Siku zake zote." Kogo akajibu, "Nimesikia." Alisema kama mtu anayetumwa chumvi dukani.

Walipoondoka nilipiga magoti. Nilimwambia nitamfuata mzee sasa hivi, nitasema. Alikuwa akitoa mursik kwenye sotet, ya mwisho, akiimimina kwenye chupa ampelekee jirani. "Utasema nini?" akaniuliza. "Wewe bado utaolewa. Mimi niliolewa, nikafiwa, nikamaliza. Mimi watasema amezeeka akachanganyikiwa. Wewe watasema una mkono wa kukausha ng'ombe, na hakuna boma litakalokupokea, na hiyo haifutiki."

"Lakini kogo, maziwa. Utaishije?"

"Kuna chai."

"Nitasema, kogo. Nitasema tu."

"Ukiwa tayari utasema," akasema, na akaning'iniza kibuyu kitupu ukutani.

Wiki tatu zilizofuata simtakii hata adui. Lelgut alikauka kabisa, chuchu moja baada ya nyingine, akapelekwa soko la mifugo akiwa amekonda. Cherotich alipewa tena maziwa ya kopo akatapika, akapewa uji mwepesi akaharisha. Alikuwa mzito kama kuku, baadaye mwepesi kama manyoya ya kuku. Nilikaa nimemshika nikitazama utosi wake ukipanda na kushuka, nikimwambia Mungu achukue mkono wangu huu wa kulia na amwache mtoto. Aliyemwokoa ni Mama Nyaboke, Mkisii aliyekuwa akiuza ndizi sokoni, ambaye kila alfajiri alipanda kilima na chupa ya maziwa ya ng'ombe wake akakaa nasi mpaka mtoto alipomaliza. Siku ya tano mtoto hakutapika. Mama Nyaboke alipotaka kogo naye anywe kilichobaki, kogo akakisukuma kikombe kwa kidole kimoja, pole pole, mpaka kikarudi kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo. Dada yangu alitoka hospitalini mwezi wa sita, na hakuna aliyemweleza mengi.

Mimi nilirudi Kericho, nikaolewa katika boma zuri tu, nikafanya kazi kwenye hoteli, nikawa mtu wa kuulizwa. Watu walitoka mbali kula steki ya Chebet yenye mchuzi wa krimu. Mpaka leo naipika kwangu nyumbani Jumapili, kwa gesi, kwenye kile kile kikaango kisicho na mkono, na wajukuu wanapiga picha kwa simu kabla ya kula. Kila Krismasi nilienda Siongiroi nikiwa nimejiandaa kusema. Mwanzo nilisema ngoja nizae kwanza. Halafu ngoja mama mkwe atulie. Halafu mzee arap Koske akafa, na nikajiambia sasa hakuna wa kumwambia, jambo ambalo lilikuwa uongo, maana wote waliobaki walikuwa na masikio. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakutuambia kwamba kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mtu mwingine. Mara moja tu kogo aliligusa. Tulikuwa tunachambua maharagwe, yeye na kikombe chake cheusi kando. "Bado unapika ile nyama?" akauliza. Nikasema napika. "Siku ile," akasema, "ilikuwa tamu?" Nikasema, "Ilikuwa tamu, kogo." Akatikisa kichwa akaendelea na maharagwe. "Basi," akasema.

Jumamosi baada ya mazishi tulikaa jikoni mwake kugawana vitu. Hakukuwa na vingi. Dada alichukua blanketi, mimi nikaambiwa nichague, nikasema sitaki kitu. Cherotich alipanda juu ya kile kiti cha mgongo akashusha sotet moja iliyobaki ukutani, akafuta vumbi kwa kiganja, na hakukuwa na vumbi. Akafungua kifuniko akanusa. Akatuletea tunuse, mmoja mmoja. Ndani kulikuwa na harufu ya senetwet, makaa ya juzi juzi, kibuyu kimesuguliwa, kimekaushwa, tayari kumiminiwa. Mtoto mmoja wa jirani, aliyekuwa akimsaidia kogo siku za mwisho, alisema kogo alifanya hivyo kila mwezi, bila kukosa, hata mwezi huu alipokuwa hawezi kusimama, alikaa kitandani akasugua.

"Sasa kwa nini?" Cherotich akauliza. "Mtu asiyependa maziwa?"

Moshi ulikuwa ukinichoma macho ingawa moto ulikuwa umezimwa.

"Ni mimi," nikasema.

Wakageuka. Niliwaambia yote, nyama, malai, chuchu mbili, kiti. Sikulia, nilieleza kama mtu anayesoma orodha ya duka, kwa sababu ningesimama nisingeendelea. Dada yangu alijifunika uso kwa kanga. Cherotich alisikiliza mpaka mwisho, kibuyu kimo mikononi, huyu ambaye nusura nimuue kwa kikombe cha malai.

"Anti," akasema, "kama ungesema, angeruhusiwa kunywa?"

"Angeruhusiwa."

"Lini?"

"Siku yoyote," nikasema. "Siku yoyote ile."

Akakifunga kibuyu, akakiweka juu ya mapaja yangu. Kilikuwa chepesi sana.